Usingoje siku ya kura: mfikie mbunge wa jimbo mswada ukiwa bado mbichi

Mara ya kwanza kwenda bungeni nilibeba kalikoti, kile kitambaa kirefu cha maandamano. Tulikuwa watu kama ishirini kutoka soko letu la Katuba, tumesimama mbele ya Jengo la 30 Juin, makao ya bunge la jimbo (provensi) letu la Haut-Katanga, hapa Lubumbashi, Kongo, tunaimba. Zamani jengo lile lilikuwa ukumbi wa maigizo, na siku hiyo sisi tuliigiza kweli: mswada tuliokuja kuupinga ulikuwa umeshapigiwa kura juzi yake. Mlinzi mmoja, mzee, alitusikiliza mpaka sauti zikakauka, kisha akauliza: «Batoto, mulikuwa wapi wakati ya komisyo?»

Sikujua komisyo ni nini.

Sasa najua, kwa hiyo nikueleze. Sheria ya bunge la jimbo inaitwa edi. Mswada ukitoka kwa gavana na mawaziri wake ni proje. Ukitoka kwa mbunge ni proposisyo. Kwanza unaletwa pleniyeri, kikao cha wabunge wote. Wakiona unafaa kujadiliwa, wanautuma kwenye komisyo inayohusika: ya pesa ni Ekofin, ya siasa, utawala na sheria ni PAJ. Huko wabunge wachache wanakaa na waziri, wanauchambua kifungu kwa kifungu, na wanaweza kuita watu wanaoijua kazi yenyewe. Ripoti inarudi pleniyeri, kura inapigwa, gavana anatia sahihi. Pleniyeri ndiyo yenye kamera na suti nzuri, lakini mchele unapepetwa komisyoni.

Mara ya pili ilikuwa mswada wa usafi wa masoko. Hatukubishana kama jimbo lina haki, kwa sababu kifungu cha 204 cha Katiba ya 2006 kinalikabidhi jimbo huduma za usafi na kinga ya magonjwa. Hilo liangalie mapema, usije ukagonga mlango usio wako. Nimeona watu wakimlilia mbunge wa jimbo kwa ajili ya forodha, na forodha ni ya Kinshasa. Hata takse, yaani tozo, jimbo haliwezi kujibunia: lazima iwe kwenye orodha iliyowekwa na ordonansi, amri ya rais yenye nguvu ya sheria, ya Machi 13, 2018, nambari 18/004.

Mswada wenyewe ulikuwa Kifaransa kitupu. Tulimpata kijana anayesoma sheria Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, tukakaa naye jioni mbili nyuma ya duka la mafuta, yeye anasoma, sisi tunatia alama kwa kalamu ya risasi. Kifungu kimoja kilisema bidhaa zitakazokutwa zimewekwa chini zitakamatwa. Mama zetu wote wa sombe (majani ya muhogo) na nyanya wanauza chini! Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, nadhani. Aliyeandika alikuwa akifikiria nyanya kwenye matope.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja kwa rais wa bunge, yaani spika, nakala kwa rais wa komisyo, mwenyekiti wake. Barua ya kurasa nne haisomwi. Na usiondoke mapokezi kabla nakala yako haijagongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo hujaandika kitu.

Walipotuita, nilikuwa nimeandaa hotuba. Mama mmoja wa soko letu, ambaye shule aliiacha mapema, alinipita. Alitandika bache yake, turubai la bluu, palepale sakafuni, akaweka juu beseni la nyanya, akasema: «Baheshimiwa, hii iko chini ao haiko chini?» Wakacheka, halafu wakabishana dakika nyingi. Kifungu kilirudi pleniyeri kimeongezwa maneno mawili: «bila kitandiko». Hotuba yangu bado ninayo nyumbani.

Kutunga edi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuikagua serikali ya jimbo, na hapo raia wengi wanajua neno moja tu, mosyo, yaani hoja. Mosyo ya kutokuwa na imani inamlenga waziri mmoja, mosyo ya sansire inaiangusha serikali nzima. Tunazipenda kwa sababu zina kelele. Lakini mara nyingi zinahesabu nani yuko upande wa nani, na barabara inabaki na mashimo yake. Mimi siku hizi naomba kitu kidogo: swali la maandishi. Mpe mbunge wako swali lenye tarakimu moja na mahali pamoja, kwa mfano: zile pesa za kuzibua mitaro ya barabara fulani, zilitoka ngapi? Swali la namna hiyo waziri hawezi kulijibu kwa methali.

Tarakimu utazitoa wapi? Bunge la jimbo lina vikao viwili vya kawaida kwa mwaka, kimoja kinafunguliwa Machi 30, kingine Septemba 30. Hiki cha Septemba ndicho cha bajeti, na pamoja na bajeti tafuta edi ya hesabu za mwaka uliopita. Kila mtu anakimbilia bajeti mpya, ambayo ni ahadi. Zile hesabu zinaonyesha kilichoahidiwa na kilichotumika, mstari kwa mstari, na ni karatasi kavu kiasi kwamba hutasongamana na mtu.

Kama shida yako ni shamba au ardhi ya kijiji, usiwasahau wachifu. Katiba inaruhusu hadi sehemu moja ya kumi ya wabunge wa jimbo waingie kwa kuchaguliwa na wachifu wenzao, bila kura ya wananchi, na viti hivyo ni vya viongozi wa mila.

Ndugu zangu wa Goma watasema naongea nimeshiba. Ni kweli: tangu hali ya dharura ya Mei 2021, bunge lao la jimbo lilisimamishwa, na komisyo ya kupelekewa beseni la nyanya hawana. Sisi wa huku tunayo. Barua yangu ya Septemba nimeshaianza. Ni ya ukurasa mmoja, na inauliza kuhusu mtaro mmoja tu.