Nimebakiza kipande cha mwisho

Shikamoo shangazi. Njia ya Pwani ya Kusini-Magharibi mwa Uingereza nimeitembea kipande kwa kipande tangu Minehead, na sasa nimebakiza Swanage hadi South Haven Point. Visigino vimetoka malengelenge. Wenzangu wanasema hicho ni chepesi, nikimalize jioni baada ya kazi. Wewe uliyepita huko unasemaje?
Msomaji, Southampton

Marahaba, mwanangu. Jioni hapana. Njia nzima ni kilomita 1,014 na karibu zote umeshazila. Hizi 12 hivi za mwisho zipe siku yake. Saa mbili asubuhi uwe njiani.

Ukitoka Swanage unapanda Ballard Down, kilima cha chaki chenye majani mafupi. Ukifika juu tazama mashariki: anga ikiwa safi utaiona miamba myeupe ya Needles, kwenye ncha ya Isle of Wight. Zamani za kale ilikuwa safu moja na hii unayoikanyaga, bahari ikaikata katikati. Mimi hapo nilivua viatu nikakaa, sikutamani kuondoka. Mbele kidogo ni Old Harry, nguzo za chaki zilizosimama baharini. Ukingoni hakuna uzio na chaki humeguka, kwa hiyo picha piga ukiwa mbali, hasa upepo ukivuma.

Wanaokuambia ni chepesi wamesahau mchanga. Kuanzia Studland ni ufuo mtupu, na mchanga mkavu unamaliza nguvu, unaingia viatuni, unasaga hivyo visigino. Fuata ule mbichi uliokazwa na maji. Ila usitarajie maji yatoke mbali kama kwetu Tanga, ambako wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Hapa hayafiki mbili, na yakijaa hukawia kutoka. Angalia jedwali la maji usiku wa kuamkia safari, ufike Studland yakiwa yamepwa.

Tena nikuambie wazi usije ukashtuka: kuna sehemu ya ufuo watu huota jua bila nguo, na vibao vipo. Usipopenda, pita njia ya ndani vichakani, lakini vaa suruali ndefu, kuna kupe.

Visigino vibandike plasta kabla ya kuvaa soksi, usingoje viume, na ubebe soksi kavu za kubadilisha Studland. Pale mwisho wa njia kuna kivuko kinachojivuta kwa minyororo hadi Sandbanks. Hakikisha mapema kwamba siku hiyo kinafanya kazi; ng'ambo utapata basi.