Ukitaja bei ya zamani, taja na mshahara wa zamani

Mama alikuwa na daftari la matumizi. Kila usiku kabla ya kulala aliandika alichonunua, kipimo chake na bei yake, kwa ule mwandiko wake ulioinama upande. Nilipolikuta mwaka jana ndani ya sanduku la picha na vyeti, nikawaita wanangu waje waone maajabu. "Tazameni sabuni ilikuwa bei gani! Tazameni nauli!" Wakatazama, wakacheka, wakarudi kwenye simu zao. Mimi nikabaki sakafuni na daftari mapajani, najiona kama mtu aliyedhulumiwa.

Ndipo nikaona kitu nilichokuwa nimekiruka. Juu ya kila mwezi mpya palikuwa na tarakimu moja iliyopigiwa mistari miwili: mshahara wake. Nikatafuta kalamu, nikaugawa kwa saa alizokuwa akifanya kazi, kisha nikaanza kugeuza bei kuwa saa. Nauli kweli ilikuwa nafuu, na kodi ya nyumba ndiyo usiseme. Lakini viatu vyangu vya shule vilimla siku nne nzima za kazi, wakati vya mwanangu mimi navilipia kwa siku moja na kitu. Redio ilimeza mshahara wa miezi miwili. Nikaelewa kwa nini ilifunikwa kitambaa na kwa nini tulipigwa tukiigusa.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Bei zikipanda asilimia 7 kila mwaka, baada ya miaka kama 10 zinakuwa mara mbili, na baada ya miaka 30 zinakaribia mara nane. Mshahara ukipanda kwa mwendo huohuo, hujapoteza kitu, hata kama masikio yanashtuka. Ukibaki nyuma, una haki ya kulalamika, na sasa unajua ulalamike kwa kiasi gani. Kwa hiyo mtu akiniambia maisha yamepanda, siku hizi namuuliza: saa ngapi za kazi? Wengine hununa. Anzisha daftari lako, na uandike uzito pamoja na bei, kama alivyofanya mama. Kuna bidhaa ambazo pakiti haijabadilika, rangi haijabadilika, bei haijabadilika, ila gramu zimepungua kimyakimya. Asiyeandika uzito hawezi kugundua.

Huduma ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu hiyo haigawanyiki kwa saa. Na hapa nina ushahidi wa pande zote mbili za kaunta, maana ujanani niliuza vifaa vya umeme kwa miaka miwili. Bosi wangu alikuwa na sheria zake. Mteja akiingia, acha unachofanya na uinue kichwa. Chenji ihesabiwe kwa sauti, noti moja moja, kwenye kiganja chake. Na ya tatu, ambayo sijaiona tena mahali pengi: kama kitu hakimfai, mwambie hakimfai, hata kama ameshatoa pesa mfukoni.

Nikisimulia hivyo watu hutikisa kichwa kwa huzuni, wanasema mambo hayo yamekwisha. Sawa, lakini nimalizie na upande wa pili. Nilisimama saa kumi na mbili kwa siku bila kigoda, na mshahara wangu ulikuwa wa kuniwezesha kurudi kesho yake kusimama tena. Huduma ile tamu ilikuwa rahisi kwa mteja kwa sababu mimi nilikuwa rahisi kwa bosi. Tena haikuwa ya wote. Nakumbuka nikiwa mtoto, nimetumwa dukani, sarafu zimelowa jasho kwenye ngumi, na watu wazima wakihudumiwa mmoja baada ya mwingine juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni kiroba kilichoegeshwa pale. Mteja ni mfalme, naam, ila mfalme alipaswa kuwa na urefu fulani.

Na wala huduma haikufa kwa sababu watu wameharibika tabia. Zamani bidhaa zote zilikaa nyuma ya kaunta. Ulitaja unachotaka, muuzaji akakifuata, akakipima, akakifunga. Mwaka 1916 huko Memphis, Marekani, Clarence Saunders akafungua Piggly Wiggly, duka ambalo mteja alipita na kikapu akijichukulia mwenyewe rafuni. Wafanyakazi wakahitajika wachache, gharama zikashuka. Mwaka 1974, katika mji wa Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ikawa bidhaa ya kwanza kupitishwa kwenye mashine inayosoma ile mistari myeusi, na keshia akaanza kupumzika kubonyeza bei ya kila kitu kwa kidole. Leo tumefika mahali mteja ndiye keshia, na mashine inamgombeza kwamba hajaweka mzigo vizuri. (Mimi hunigombeza kila mara. Sijui inaniona nimekaaje.)

Miaka ya 1960 wachumi wawili wa Marekani, William Baumol na William Bowen, walilieleza jambo hili kwa mfano wa wanamuziki. Kundi la wapigaji wanne likipiga wimbo wa nusu saa, miaka 100 baadaye bado litahitaji watu wanne na nusu saa ileile, huku kiwandani mashine zikitoa bidhaa nyingi zaidi kwa kazi ndogo zaidi. Mshahara wa mpigaji lazima ufuate wa wengine, la sivyo ataacha fidla. Ndiyo maana redio imeshuka bei na muda wa binadamu umepanda. Mtu wa kukuelekeza kwa dakika 20 ni bidhaa ya gharama, na sisi tulioshangilia bei zilipopungua ndio tuliomwondoa.

Mimi mwenyewe nilimwondoa kwa mkono wangu, na hili nalisema kwa aibu. Nilipotaka pampu ya maji nilikwenda kwa mzee mmoja anayeuza pampu na kuzitengeneza. Alinipa nusu saa. Akaniuliza kina cha kisima, urefu wa mnara wa tanki, akachora kwenye karatasi ya risiti, akaniandikia na aina ya kununua. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani, nikaiagiza mtandaoni kwa bei ya chini. Mwezi wa tano ikagoma. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja: kwa mauzo bonyeza moja, kwa mengineyo bonyeza mbili. Nikabonyeza mbili, ukaja muziki. Dakika arobaini za muziki, halafu simu ikakatika.

Nikarudi kwa mzee nimebeba pampu kwenye gunia. Nikamwamkia, akaitikia, akaifungua bila haraka. "Hii hukununua hapa."

"Ndiyo, mzee."

"Karatasi yangu unayo?"

Nilikuwa nayo, mfukoni. Akacheka, akaniagiza nimshikie tochi.

Tangu siku hiyo nagawa manunuzi yangu mafungu mawili. Sabuni, betri, karatasi, vitu ambavyo hakuna cha kuuliza, nanunua popote penye bei ya chini na sitarajii mtu kunichekea. Lakini kitu ambacho kikiharibika kitaniumiza, miwani, dawa, pampu, zana za kazi, naenda kwa anayekijua, na naongeza hela kwa hiari maana najua nalipia nini. Nachagua saa ambazo duka limetulia, narudi kwa mtu yuleyule, na jina lake nalijua. Kujulikana hakuji kwa siku moja.

Ukilazimika kupigana na simu za kampuni kubwa, piga asubuhi mapema, risiti ikiwa mkononi. Andika jina la uliyeongea naye, tarehe, na namba ya malalamiko, na useme mapema unataka nini hasa: kirudishwe, kitengenezwe, au pesa zako. Usimfokee. Biashara haigombi, na methali hiyo tumezoea kuwasomea wauzaji tu. Keshia naye mwache kabisa kuhusu bei. Hakuipanga yeye, na pengine anaondoka hapo kwenda kununua kwa bei hiyohiyo.

Juzi nilirudi kwa mzee nikitaka pampu ya pili, kubwa zaidi. Pesa nilikuwa nimeshazitoa, nimeziweka juu ya kaunta. Akazisukuma kurudi upande wangu kwa kidole kimoja.

"Hii haikufai. Bomba lako jembamba. Badilisha bomba kwanza."