Kwa Wanaoanza Sataranji: Nilikuwa na Kitunda Kimoja Zaidi, Nikatoka Sare

Nimewatazama wawili kati yenu mkicheza leo, na kwa muda wote huo nililazimika kusimama kando nimefumba mdomo, kwa kuwa mtazamaji haruhusiwi kusema neno. Hatua kumi na tano za kwanza mlizimaliza kwa dakika moja, kete zikigongwa ubaoni kama misumari. Kisha mmoja akaacha malkia wake aliwe, mwenzake asione, na mchezo ambao kila mmoja alikuwa ameshaushinda mara mbili ukaisha kwa sare huku nyote mkicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijiona mwenyewe nilivyokuwa. Haya ninayaandika kwa namba ili asitokee wa kusema kwamba hakuelezwa.

1. Punguzeni kukariri ufunguzi, yaani hatua za kwanza za mchezo. Sisemi msijifunze, bali ninasema mjue kwa nini farasi anatoka mapema na kwa nini vitunda (zile kete ndogo za mbele) vya katikati vinagombewa, maana mpinzani hana wajibu wa kufuata kurasa mlizosoma ninyi. Aliyekariri hatua ishirini bila sababu zake hupotea pale pale mwenzake anapocheza ya ishirini na moja, na kwa kawaida hupotea kwa haraka ile ile aliyokuja nayo.

2. Kabla ya kugusa kete, jiulize mpinzani anataka nini. Swali hili ni dogo, na ndiyo maana hupuuzwa. Mwaka 2006, mjini Bonn, Vladimir Kramnik, akiwa bingwa wa dunia, alimsogeza malkia wake katika mchezo dhidi ya programu ya kompyuta ya Deep Fritz, na hatua iliyofuata mfalme wake akafungwa. Hatua moja tu! Ikiwa bingwa aliweza kutoiona, sijui ninyi mnapata wapi ujasiri wa kucheza huku mkiangalia meza ya jirani.

3. Jifunzeni mwisho wa mchezo, kete zinapobaki chache, hasa ule wa ngome, kete inayoanzia kwenye kona za ubao. Hapa mnivumilie, kwa kuwa jambo hili bado linaniuma.

Ilikuwa raundi ya mwisho ya mashindano ambayo ushindi ungenipa zawadi yangu ya kwanza. Kwa wiki tatu nilikuwa nimekesha nikikariri Sisilia ya Najdorf, mmoja wa ufunguzi maarufu. Mpinzani wangu, mzee mpole aliyekuwa akifuta miwani yake kila baada ya hatua chache, alijibu kwa Caro-Kann, ufunguzi mwingine kabisa, na wiki zangu tatu zikafia kwenye hatua ya kwanza. Hata hivyo nilipambana, nikapata kitunda kimoja zaidi, tukapunguza kete hadi kila mmoja akabaki na ngome moja. Kitunda changu kilikuwa g7 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), kimebakiza hatua moja kigeuke malkia, mfalme wangu mbele yake g8, na ngome yangu e1 ikimzuia mfalme wake, aliyekuwa d7, asisogee karibu. Ngome yake ilikuwa h2. Wanaojua wameshaitambua nafasi ya Lucena, ambayo haikosekani katika vitabu vya mwisho wa mchezo, na ambayo mwenye kitunda hushinda. Mimi kurasa zile nilikuwa nimeziruka, nikiamini ni za watu wasio na haraka na maisha.

Nikamtoa mfalme f7. Akanipa cheki, yaani akamshambulia mfalme wangu, kutoka f2. Nikaenda g6, cheki kutoka g2. Nikaenda f6, cheki tena kutoka f2. Nikaona bora nimrudishe mfalme wangu kwa njia niliyojia nayo, hadi g8, naye akairudisha ngome yake h2 kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Nikatoka tena, kwa njia ile ile, nikitumaini kwamba safari hii angechoka. Nilipofika g8 kwa mara nyingine hakuigusa ngome. Aliiandika hatua yake kwenye karatasi kwanza, akasimamisha saa, akamwita mwamuzi kwa sauti ya chini. Nafasi moja, mara ya tatu. Kwa kanuni, sare.

Baadaye akanipangia kete upya. Aliichukua ngome yangu, akaiweka e4, kisha akaniambia nitoke na mfalme. Nikatoka, akanifukuza kwa cheki zile zile, nami nikashuka hatua kwa hatua hadi g5, na alipotoa cheki ya mwisho kutoka g1, ngome yangu ikaingia g4 katikati yetu. Akaninyooshea mkono juu ya ubao akauliza, “Sasa nikupe cheki wapi, mwanangu?” Hakukuwa na mahali. Ile ngome kupanda hadi mstari wa nne ndiyo hatua pekee niliyokosa, na kuijifunza kulihitaji nusu saa katika zile wiki tatu.

Kibaya zaidi ni kwamba kila aliyeniuliza nilimwambia nilibanwa na saa. Saa yangu ilikuwa na dakika 31.

4. Fumbueni mafumbo ya mbinu kila siku, na myarudie yale yale. Mwaka 1973, watafiti William Chase na Herbert Simon walichapisha majaribio ambamo wachezaji walionyeshwa ubao kwa sekunde tano kisha wakaupanga kwa kumbukumbu: kwa nafasi za michezo halisi bingwa aliwaacha wengine mbali sana, lakini kete zilipotawanywa ovyo ubora wake ulikaribia kutoweka. Kwa hiyo msijitetee kwamba hamkuzaliwa na kumbukumbu nzuri. Anachokiona bingwa ni maumbo aliyokwisha kukutana nayo.

5. Michezo ya dakika tatu ni starehe, si mazoezi.

6. Injini, yaani programu ya kuchambua michezo, isiguse mchezo wako kabla yako. Nimewaona mkimaliza mchezo na papo hapo mkiupeleka kwenye simu, mnasoma kwamba hatua ya 23 ilikuwa kosa, mnatikisa kichwa, mnafunga. Injini imewaambia wapi mlikosea, lakini haijui mlikuwa mnafikiri nini mlipokuwa mkikosea, na hicho ndicho kinachorudi mchezo ujao. Kaeni na karatasi ya hatua, andikeni pembeni mliogopa nini na mlitaraji nini, hata kama ni aibu; ile yangu ya Lucena ninayo hadi leo, na pembeni mwa mistari ya mwisho nimeandika “labda atachoka” mara mbili.

Mkija wiki ijayo, kila mmoja alete karatasi tatu za michezo aliyoshindwa, zikiwa zimeandikwa pembeni kwa mkono wake. Atakayeleta alizoshinda nitamrudisha akazitafute nyingine.