Gari la majitaka likiondoka kwako, linamwaga wapi?

Barua za wiki hii karibu zote ni za vyoo na majitaka ya miji midogo. Nimechagua tano.

Mji wetu hauna mabomba ya majitaka, kila nyumba ina shimo lake. Mtambo wa kusafisha majitaka ni wa nini? (Msomaji, Babati)

Mashimo hujaa, ndugu yangu. Yakijaa mnaita gari la kunyonya, mnalipa, linaondoka. Hebu siku moja muulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Mji usio na mtambo, yaani mabwawa ya kusafishia majitaka, aghalabu ni korongoni, mtoni au kwenye shamba la mtu, na hapo ugonjwa umehama tu kutoka uani kwenu kwenda kwa wanaochota maji bondeni. Mji mdogo unaweza kukaa miaka mingi bila mtandao wa mabomba. Bila mahali halali pa gari kumwaga, hauwezi. Ningekuwa diwani ningeanzia hapo: vitanda vya mchanga na kokoto vya kukaushia tope, na mabwawa ya kupokea maji yanayochujika. Mabomba yangefuata fedha zikipatikana.

Nimeona mabwawa ya majitaka Morogoro. Hayana mashine wala dawa. Yanasafisha kweli? (Mwanafunzi)

Yanasafisha, na vizuri, mradi maji yapewe muda. Kwanza hupita kwenye chekeche la vyuma linalozuia matambara, pedi na chupa. Kisha huingia bwawa la kwanza, lenye kina cha mita 2 hadi 5. Humo hakuna hewa. Maji ni meusi, juu pana ukoko, na ukisimama ukingoni utaona mapovu yakipasuka: ni gesi ya bakteria wanaokula uchafu uliotuama chini.

Baada ya siku chache maji huvuka kwenda bwawa la pili, pana, la kina cha kama mita moja na nusu, na hapo hugeuka kijani. Ukijani huo ni mwani. Jua likiwaka mwani hutoa oksijeni, na bakteria wa aina nyingine huitumia kumaliza uchafu ulioyeyuka majini. Wao nao hutoa hewa ya ukaa ambayo mwani huihitaji. Mabwawa ya mwisho ni ya kuua vijidudu. Jua hupenya, na mchana mwani hupandisha pH (kipimo cha asidi na magadi majini) hata ikapita 9, upande wa magadi, hali ambayo bakteria wengi wa kinyesi hawaihimili. Mayai ya minyoo huzama na kubaki kwenye tope.

Yote hayo huchukua wiki kadhaa, na joto letu huharakisha kazi. Moshi na Iringa pia hutumia mabwawa. Kinachodaiwa kwa wingi ni ardhi, tena ya chini ya mji, ili maji yateremke yenyewe bila pampu. Inaniuma kuona miji inayokua ikikata bonde lote viwanja vya makazi, kisha baada ya miaka inatafuta pa kuchimba mabwawa.

Mabwawa ya kwetu yananuka kama yai viza, na moja limekuwa la zambarau. Yametiwa sumu? (Mkazi wa jirani na mabwawa)

Hapana, mama, dalili hizo ni za kuzidiwa. Uchafu unaoingia umepita uwezo wa mwani, oksijeni imekwisha, na bakteria wapendao salfa wametawala. Ndio wenye rangi hiyo. Mara nyingi chanzo ni tope lililoachwa likarundikana. Kupima ni rahisi: fundi hufunga taulo jeupe kwenye mti mrefu, huuzamisha wima hadi sakafuni, kisha huutoa polepole. Sehemu iliyochafuka nyeusi ndiyo kimo cha tope. Likifika theluthi ya kina cha bwawa la kwanza, ni wakati wa kulitoa. Ombeni kwa maandishi, kupitia serikali ya mtaa, mwambiwe lilitolewa lini mara ya mwisho.

Naweza kumwagilia mboga kwa maji yanayotoka mabwawani?

Moshi wakulima wameyatumia kwenye mpunga. Mboga za kuliwa mbichi ni jambo jingine: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1989 ulitaka bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 kwa mililita 100, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Bila kipimo cha maabara, usiyapeleke kwenye nyanya wala saladi. Na wewe mwenyewe vaa buti.

Jirani hutapisha choo mvua kubwa ikinyesha. Nikisema naonekana mchokozi. (Mpangaji)

Sema. Kinyesi hicho kinapita mlangoni kwenu, watoto wanakikanyaga, kinaingia visimani, na kipindupindu huenea hivyo hivyo. Mkabili kwanza kwa upole, maana wengi hutapisha kwa kukosa pesa ya gari. Nyumba mbili tatu zikipatana na mwenye gari azihudumie kwa safari moja, kila mmoja hulipa kidogo. Akikataa, nenda kwa bwana afya wa kata, na maji ya kisima chenu yachemsheni kuanzia leo.