Paka wa ndani akitoroka, mtafute karibu na mlango

Kama unasoma haya na paka wako hayupo ndani, nianze na la kufanya sasa hivi. Chukua tochi, toka nje, kagua kila uvungu, kila kichaka na kila upenyo ulioko hatua chache kutoka mlango au dirisha alilotokea. Usikimbilie mtaa wa tatu, wala usikae kusubiri kama atarudi mwenyewe. Ukimaliza mzunguko huo wa kwanza, rudi usome yaliyobaki, maana kazi hii inaweza kuchukua zaidi ya usiku mmoja, na ni rahisi kuvumilia ukijua kwa nini unafanya unachokifanya.

Wengi wetu, paka akitoweka, tunamwona kwenye mawazo yetu akiwa anakimbia, kilomita kwa kilomita, hadi asipojua pa kurudi. Kwa paka wa ndani mara nyingi haiwi hivyo. Paka aliyezoea kutembea nje ana njia zake. Anajua uzio upi una tundu na mbwa wa nyumba ipi hafungwi. Wa ndani hajui lolote kati ya hayo. Ardhi ni ngeni chini ya nyayo zake, harufu zote ni ngeni, sauti zinatoka kila upande. Anachotafuta ni giza la kwanza linalotosha mwili wake, ajibane humo, atulie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya taarifa za paka 1,210 waliopotea, ulionyesha kuwa robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka walipopotelea, na nusu yao hawakuvuka mita 50 hivi. Na waliozoea kutoka nje ndio waliokwenda mbali kuliko wa ndani. Mita 50 ni wewe, jirani wa kulia, jirani wa kushoto na wa nyuma. Basi.

Paka wangu anaitwa Pamba. Alitoka jioni moja mlango ukiwa wazi kwa ajili ya kuingiza mizigo, na hakuna aliyemwona. Nilimwita kwa jina, nikatikisa kopo la chakula chake, kitu ambacho ndani ya nyumba humtoa hata usingizini. Kimya. Hapo ndipo wengi hukata tamaa kuhusu eneo la karibu, wakisema angekuwa hapa angeitika. Naomba ulishike hili kuliko mengine yote: paka aliyejificha kwa hofu haitiki. Anakusikia, na anajua ni wewe. Mwaka 2013 watafiti wa Japani waliwasikilizisha paka sauti za watu waliorekodiwa wakiwaita; sauti ya mwenye paka ilipofika, paka waligeuza masikio na vichwa kuonyesha wameitambua, lakini wengi hawakulia wala kusogea. Na hao walikuwa nyumbani kwao, wametulia. Mfikirie aliye chini ya rundo la mbao huku moyo unamwenda mbio. Kulia kungemtangaza kwa kila adui aliye karibu, kwa hiyo silika inamwambia anyamaze.

Kwa hiyo unamtafuta kwa macho, si kwa masikio. Saa nzuri ni usiku wa manane na alfajiri, magari yakiwa machache na watu wamelala. Nyuma ya mboni ya paka kuna utando unaorudisha mwanga, ndiyo maana macho yake hung'aa gizani. Lakini mng'ao huo unarudi kule mwanga ulikotoka, kwa hiyo tochi ishike usawa wa macho yako, pembeni ya shavu, si kiunoni. Ukiishika chini utampita hatua mbili na usione kitu. Inama, ikibidi lala kifudifudi, umulike polepole chini ya magari, ngazi, mapipa, mabati yaliyoegemezwa ukutani, ndani ya mitaro iliyofunikwa. Halafu inua mwanga juu: matawi, kenchi, kingo za paa. Kucha za paka zimepinda kumwezesha kupanda, na kushuka kichwa kikitangulia zinamsaliti, hivyo yupo anayekwea kwa hofu akabaki huko huko.

Kwa majirani usiishie kuuliza "mmemwona paka wangu?" Jibu litakuwa hapana, na watakuwa wanasema kweli, kwa sababu aliyejificha haonekani na mtu anayepita. Omba ruhusa ya kuingia. Mimi nilibisha hodi kwa mzee wa nyumba ya nyuma, nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, samahani kwa usumbufu, paka wangu ametoka na huenda amejibana kwenye stoo yako. Naomba nichungulie mwenyewe kidogo." Akaniambia, "Marahaba, pita tu mwanangu, lakini stoo imefungwa tangu juzi." Stoo ikawa tupu kweli. Lakini kati ya ukuta wake na uzio kulikuwa na mbao zimepangwa, na kwenye nafasi isiyozidi kiganja, tochi ilirudisha vidoa viwili vya kijani.

Hakusogea. Masikio alikuwa ameyalaza, mboni zimejaa jicho zima, manyoya meupe yamekuwa ya kijivu kwa vumbi. Nilitamani kuvamia mbao zile nimchomoe. Sikufanya hivyo, na nakusihi nawe usifanye. Paka aliye katika hofu ya namna ile anaweza asikutambue kabisa akiona mkono unamjia. Atakukwaruza, atakung'ata, kisha atakimbilia maficho ya pili ambayo hujui yalipo. Kumjua aliko tayari ni nusu ya kazi. Kaa chini mbali kidogo, mgeuzie ubavu badala ya kumkabili uso kwa uso, usimkazie macho. Ongea maneno yale yale unayomwambia kila siku ukimwekea chakula, kwa sauti ile ile. Fumba na kufumbua macho taratibu. Weka chakula chenye harufu kali, cha samaki kwa mfano, sogea nyuma, kaa kimya. Inaweza kuchukua muda mrefu sana, na ni sawa.

Pamba alitoa kichwa, akarudi. Akatoa tena, akala akiwa nusu ndani nusu nje, makalio yamebaki kwenye mbao tayari kurudi. Nilimwacha ale. Nikasogeza kreti yake ya kubebea, ile aliyozoea kulala ndani yake, nikaiweka mlango wazi na chakula kilichobaki kule mwisho. Kama huna kreti, taulo zito hufaa: mfunike mwili wote kwa mkupuo mmoja, mkumbatie kifuani, usiache miguu ya mbele huru. Kumbeba mikononi mitupu kutoka nje hadi nyumbani ni hatari hata kama anaonekana mtulivu. Honi moja tu ikilia, ameshapaa.

Vipi kama umekagua kila mahali na humwoni? Mwachie njia na umwachie harufu. Usiku, kama usalama unaruhusu, mlango au dirisha alilotokea libaki wazi kiasi cha kumtosha, taa zizimwe, na mtu akae ndani kimya akingoja. Nje ya mlango weka blanketi analolalia au shati ulilolivaa bila kulifua. Watakuambia pia utoe nje boksi la mchanga anamojisaidia. Mimi silipendi pendekezo hili. Harufu ya choo inaweza kuwavuta madume ya mtaani kuja kuweka mipaka yao, na paka mwoga akiwasikia wanagombana mlangoni kwako hatathubutu kukaribia. Chakula nacho usikiache nje usiku kucha bila mlinzi kwa sababu hiyo hiyo. Ukiwa na kamera ya usiku, au hata simu ya zamani inayoweza kurekodi, ielekeze pale ulipoweka chakula. Utajua anayekula ni nani na anakuja saa ngapi.

Ukishamwona kwenye kamera lakini hakubali kukaribiwa, azima mtego wa kizimba, ule ambao mlango hujifunga paka akikanyaga kibao cha ndani. Madaktari wa mifugo na vituo vya kuokoa wanyama huwa navyo au wanajua wa kumwazima. Tandika gazeti chini, weka chakula kule mwisho, funika kizimba kwa kitambaa. Usiutegeshe kisha ukaenda kulala: aliyenaswa akiachwa juani au mvuani anaweza kuumia, na unaweza ukawa umemnasa paka wa mtu mwingine.

Matangazo bandika, tena siku hiyo hiyo, kwa picha kubwa na maneno machache, na peleka picha kwenye makundi ya simu ya mtaa. Ila alama moja ya mwili wake usiitaje. Akipiga mtu kusema anaye, mwulize kuhusu alama hiyo kabla ya kufurahi, na usimtumie mtu pesa kabla hujamwona paka kwa macho yako. Kama paka ana chipu ya utambulisho, ile yenye namba yenye tarakimu 15 iliyowekwa chini ya ngozi, piga simu kwenye sajili inayotunza namba za chipu uhakikishe namba yako ya simu ni ya sasa. Chipu haionyeshi alipo. Inasomwa tu pale anapofikishwa kwenye kituo au kwa daktari mwenye kifaa. Hata hivyo ina maana kubwa. Utafiti wa vituo vya wanyama nchini Marekani uliotoka mwaka 2009 ulikuta paka wenye chipu waliorudishwa kwa wenyewe ni zaidi ya asilimia 38, ilhali kwa paka wote waliookotwa na kuingizwa vituoni humo ni chini ya asilimia 2.

Kuhusu muda, usikate tamaa mapema. Katika utafiti ule wa 2018, theluthi moja hivi ya paka walipatikana hai ndani ya siku 7, lakini wengine waliendelea kupatikana wiki nyingi baadaye. Kuna paka anayekaa maficho siku kadhaa bila kutoka, na njaa na kiu ndivyo hatimaye humtoa. Ndiyo sababu mahali ulipokagua jana pakaguliwe tena leo. Ulipoona patupu saa mbili usiku, saa tisa pana mtu.

Akirudi, usimjazie sahani. Paka aliyekaa siku kadhaa bila kula, hasa mnene, yuko kwenye hatari ya mafuta kujaa kwenye ini, ugonjwa unaoua. Mpe maji, mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, na mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama anaonekana mzima. Papasa mwili wote ukitafuta jeraha dogo, kwa kuwa meno ya paka mwenzake huacha tundu linalojifunga juu huku usaha unakusanyika chini, na uvimbe hujitokeza baada ya siku mbili tatu. Mwulize daktari kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa, viroboto na minyoo. Kama ni jike ambalo halijafungwa kizazi, mwambie hilo pia. Mimba ya paka ni kama siku 63 hadi 65, na ni heri kujua mapema.

Jambo moja huwashangaza wengi: paka wenzake wa nyumbani wanaweza kumfokea na kumrukia. Hawajamsahau. Anakuja na harufu ya mitaro na ya daktari, na kwao harufu ndiyo sura. Mtenge chumba chake kwa siku chache, wabadilishie matandiko, yake uwape wao na yao umpe yeye, waache wanuse kupitia chini ya mlango kabla hujawakutanisha.

Kisha rudi kwenye ule mlango. Wavu wa dirisha uliolegea ukazwe, na wote nyumbani wakubaliane kwamba mizigo ikiingia, paka anafungiwa chumbani kwanza. Dume ahasiwe na jike lifungwe kizazi, kwani hamu ya kutafuta mwenza ni moja ya mambo yanayomsukuma paka kung'ang'ania kutoka. Na kreti iache wazi sebuleni siku zote, ikiwa na kitambaa chake ndani, aendelee kuilalia.