Barua kwa mwanangu: Bububu, na sisi tulivyofika hapa

Mwanangu kipenzi,

Waalaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na ile ya tatu nilikuwa jikoni, wali ukashika ukoko. Unasema huko Muscat wenzio kazini wakisikia umetoka Unguja wanakuuliza kabila lako, na wewe huna la kuwajibu ila "natoka Bububu", nao wakalicheka jina. Sasa unataka nikwambie mawili: Bububu maana yake nini, na sisi asili yetu wapi. La kwanza jepesi. La pili nimelala nalo wiki nzima.

Marehemu babu yako alikuwa akitusimulia barazani kuwa ni mlio wa gari moshi, na hata leo wanaotembeza wageni husimulia hivyo hivyo. Reli ilikuwepo kweli. Waliijenga Wamarekani mwaka 1904 na 1905, ikatoka Ngome Kongwe mpaka kwetu, maili saba, ikaja kufa mwishoni mwa miaka ya 1920. Hadithi tamu, lakini hesabu haikubali. Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said, alichapisha kumbukumbu za maisha yake Ujerumani mwaka 1886, na humo anaitaja Bububu kwa jina hili hili. Ndiko alikokwenda kukaa baada ya ile fitina ya nduguze ya 1859, walipogombea usultani. Kitabu kilipotoka, gari moshi lilikuwa bado miaka kumi na minane kuja. Na mtu akikwambia kuwa Sayyid Barghash alikuwa na reli yake kabla ya hiyo, mwambie ile ilikwenda Chukwani, kusini ya mji, sisi tuko kaskazini.

Mimi nimo upande wa wazee wanaosema ni sauti ya maji. Chemchem za upande wetu ndizo zilizounywesha mji. Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, aliyavuta maji kwa mabomba kutoka huku mpaka Mji Mkongwe. Ulipokuwa na miaka mitano baba yako alikuinamisha pale maji yanapochimbuka, akakwambia sikiliza. Ukasema, "Yanajisemea jina." Umesahau, mimi sijasahau.

Jirani zetu wa Mtoni hawana haja ya kubishana. Mto upo na jina lipo. Sayyid Said alijenga kasri yake ukingoni, na Salme akazaliwa humo mwaka 1844. Anaeleza ua wenye tausi, paa na mbuni, na nyumba yenye watu wasiopungua elfu moja. Kila nikipita na daladala, ile 502, nikiyaona yale magofu huwaza hao elfu. Mmoja alijua kuandika, tukajua mpaka ndege aliocheza nao. Waliobaki, waliokuwa wakiteka maji na kupika, hatuna hata jina.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la pili.

Hebu jihesabu majina: lako, la baba yako, la babu yako, la baba yake babu, halafu moja tena. Baada ya hilo la tano pana ukuta. Ulipokuwa skuli ulimuuliza bibi yako huyo wa tano mwana wa nani, akakutuma dukani ukanunue sukari. Sukari ilikuwepo kopo zima.

Jina lile la mwisho ni katika majina ya namna ya Mabruki, Feruzi, Majaliwa, Baraka. Leo anaitwa hivyo yeyote, wala si aibu. Lakini zama zile bwana akinunua mtu humpa jina la kheri, au la kito, kama mtu anavyoita jahazi lake, na jina alilopewa na mama yake likabaki bara. Wanawake wakaitwa Zafarani, Bahati, Faida. Ndiyo maana ukuta upo. Haukujengwa na kusahau kwetu.

Bibi yako aliniambia mimi, mkwe, usiku mmoja wa mvua, baba yako yuko kazini. Huyo wa tano aliletwa mtoto, akakulia kwenye shamba la mikarafuu huku juu. Kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu karibu yote ya Unguja, na waliopanda upya ndio hao. Mwaka uliofuata soko la watumwa pale Mkunazini likafungwa, lakini kufungwa soko si kuachwa huru. Amri ya kuwaacha ilikuja 1897, na hata hiyo ilimtaka mtu aende mwenyewe mahakamani akaombe, kisha bwana ndiye alipwe fidia. Masuria hawakuingizwa katika amri ile, wakangoja mpaka 1909. Nikisoma hapo hufunga kitabu.

Nilipostaafu nilikwenda Kilimani, kwenye nyaraka za taifa. Nilikwenda siku nne, na miwani mbili. Katika madaftari ya walioachwa huru nimemkuta mtu wa jina lile. Nikafurahi, nikafunua ukurasa, nikamkuta wa pili. Jioni walikuwa watatu: mmoja ameandikwa Myao, mmoja Mnyasa, mmoja Mzaramo. Yupi wetu? Nilirudi nyumbani nikapika kisamvu, sikumwambia mtu.

Utaniuliza, mbona ami yako husema sisi ni Washirazi, wenyeji wanaojinasibisha na Shirazi ya Uajemi? Hasemi uongo wake peke yake. Katika sensa ya 1924 maelfu ya watu wa Unguja walijiandikisha Waswahili. Ilipofika ya 1931 jina hilo lilikuwa limekaribia kutoweka, watu wamejihamisha, wengine wakawa Washirazi. Mtu aliyeachwa huru alitaka aitwe mwenyeji, na ardhi wanayolala mababu zake wawili watatu ilikuwa inamtosha ushahidi. Mimi simlaumu babu aliyejiandikisha. Na upande wa mama yake ami yako wapo Washirazi wa kweli wa Makunduchi, kwa hiyo nusu ya maneno yake yanasimama.

Kuna kitu kimoja ambacho madaftari hayana. Bibi yako akitwanga alikuwa na wimbo mfupi, mistari minne, aliofundishwa na mkwewe. Si Kiswahili. Yeye mwenyewe hakuujua maana, lakini alikasirika ukikosea neno. Shangazi yako bado anaujua wote. Ijumaa nilimfuata Kianga, nikambembeleza kwa kahawa na kashata, akauimba mara mbili, nikaurekodi kwa simu. Jogoo analia katikati, mvumilie.

Nakutumia. Hapo kazini kwako ulinitajia mwenzio Myao wa Tunduru. Msikilizishe, umuulize anasikia nini. Akisikia neno lake, tutajua ni yupi kati ya wale watatu. Asiposikia, mtafute Mnyasa. Jina la huyo babu wa tano sitaliandika kwenye simu. Ukija likizo nitakupeleka kaburini kwake, liko chini ya mwembe, nitakutajia hapo hapo.

Wenzio wakikuuliza tena kabila, waambie unatafuta, bado hujafika.

Lakini wimbo usiuweke kwenye kundi la ukoo. Ami yako anaozesha mwezi ujao, na wakwe wameambiwa Washirazi. Ngoja harusi ipite.

Nguo za watoto zimefika, zile za buluu zimewabana.

Mama yako