Je, Suratul Anbiyaa imeutaja Mlipuko Mkuu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh wetu. Kijana wangu yuko kidato cha tatu. Katumiwa video inayosema Qur'ani iliutaja Mlipuko Mkuu, ule ambao wanasayansi wanasema ndio mwanzo wa ulimwengu, katika Suratul Anbiyaa aya ya 30, na kwamba huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote wa ukweli wa kitabu chetu. Shuleni mwenzake akambishia, na sasa ananiuliza maswali yananishinda. Je, tuichukue Qur'ani kama kitabu cha sayansi? (Mama, Tanga)

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama yangu.

Hapana. Qur'ani imejieleza mwanzoni mwa Suratul Baqara kuwa ni uongofu kwa wachamungu, na hiyo ni kazi kubwa ya kutosha.

Tuitazame aya yenyewe. Inawauliza waliokufuru kama hawaoni kwamba mbingu na ardhi zilikuwa zimeambatana, Mwenyezi Mungu akazitenganisha, na akajaalia kwa maji kila kilicho hai. Ibn Kathir, mfasiri wa Qur'ani, amenukuu kutoka kwa Ibn Abbas, swahaba wa Mtume, kwamba mbingu ilikuwa imefunga hainyeshi na ardhi imefunga haioteshi. Ile ikafunguliwa kwa mvua, hii kwa mimea. Wako waliosema zilikuwa kitu kimoja zikaachanishwa. Mimi kauli ya kwanza naiona inakaa vizuri na yale maji yanayotajwa mwishoni.

Sasa mwenye video anaegemea sayansi, basi tumfuate huko huko. Sayansi hiyo inaupa ulimwengu umri wa takribani miaka bilioni 13.8, na dunia yetu takribani bilioni 4.5. Kwa hesabu hiyo, ulimwengu ulipoanza hapakuwa na ardhi ya kuambatana na chochote, na ilipita miaka zaidi ya bilioni 9 kabla haijakuwepo. Kama mwenzake kijana alimbana hapo, alikuwa na haki ya kumbana. Aya haina kosa lolote. Kosa ni la aliyeibebesha asichoambiwa.

Na ninalolihofia zaidi ni hili. Mwaka 1948 mwanasayansi wa anga Fred Hoyle na wenzake wawili huko Cambridge, Uingereza, walileta nadharia kwamba ulimwengu hauna mwanzo, na kwa miaka mingi wataalamu wakubwa waliikubali. Mwaka 1965 Penzias na Wilson, Wamarekani, wakatangaza kuwa wamenasa mawimbi hafifu ya redio yanayotoka kila upande wa anga. Wataalamu wakayaona kuwa ni masalia ya joto la mwanzo wa ulimwengu, na nadharia ya Hoyle ikapoteza wafuasi. Aliyekuwa ameshaitafutia aya mwaka 1950 angesema nini? Mwanasayansi hubadili kauli yake ushahidi ukibadilika, na hiyo ndiyo sifa yake. Lakini kijana aliyefundishwa kuamini kwa sababu ya nadharia, siku nadharia inapoondoka, imani yake itashika nini?

Maswahaba waliuliza kuhusu miezi miandamo. Jibu la Suratul Baqara aya ya 189 ni kwamba hiyo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Kwa nini mwezi hukonda na kunenepa hawakuelezwa. Hayo yaliachiwa macho na hesabu zetu. Na katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwaona watu wa Madina wakichavusha mitende, akasema hadhani kama linafaa kitu. Wakaacha, mavuno yakaharibika. Akawaambia wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Hakuona haya kulisema hilo, sijui sisi tunaona haya ya nini.

Simaanishi dini na elimu hazikutani. Aali Imran aya ya 190 inatuita tutazame uumbaji wa mbingu na ardhi, na anayetazama kwa darubini naye anatazama. Mwanachuoni Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alisema wazi kwamba anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua akidhani anaitetea dini, anaidhuru.

Basi mwambie kijana ausome Mlipuko Mkuu kama mwalimu anavyofundisha na aujibu hivyo kwenye mtihani. Haasi chochote. Suratul Anbiyaa aisome na tafsiri, kwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani, kuanzia aya ya kwanza. Na ile video asiisambaze: kumsemea Mwenyezi Mungu bila elimu kumekatazwa katika Suratul A'raaf aya ya 33, hata nia ikiwa njema.

Wallahu a'lam.